Tarakimu ya Sita

“Napandisha,” alisema Bi Tumwitike.

“Nasoma,” alijibu shemeji yake Ezekia, akiwa amekiinamia kipimajoto kama mtu aliyeangusha sindano. “Sitini na moja. Imetulia.”

Ndivyo kazi ilivyofanywa katika Chumba cha Hesabu cha Bonde la Lwika tangu siku kompyuta ile ilipowekwa juu ya meza ya mninga: mmoja hupandisha, mwingine husoma. Hakuna aliyeruhusiwa kuongeza kasi ya mashine akiwa peke yake, hata angekuwa ameizoea kuliko mlango wa nyumba yake. Walinzi wa kwanza wa chumba hicho waliliona jambo hili mapema, kwamba mtu mwenye haraka huanza kulisoma joto kwa huruma.

Bi Tumwitike aliongeza kizidisho, namba inayoamua kasi ya mashine, kwa ngazi moja, akasubiri. Hakuwa mwanamke wa kuruka ngazi. Prosesa iliyokuwa mbele yake, kipande kisichozidi ukubwa wa biskuti, ilikuwa ya mwisho bondeni. Viwanda vilivyotengeneza vitu vya namna hiyo vilikuwa vimefungwa kabla ya wajukuu wake kuzaliwa, na sasa kila bonde lilibaki na ile liliyokuwa nayo, likiitunza kama macho yanavyotunzwa. Ndani yake mapigo yalipita mabilioni kwa sekunde, na katika kila pigo hatua moja ya hesabu ilikamilika. Ukiyaharakisha mapigo, hesabu huwahi. Ukiyaharakisha kupita kiasi, hatua moja huanza kabla ya iliyotangulia kutulia. Hapo sifuri husomwa moja, na mashine huendelea mbele kwa uso ule ule mkavu, bila kukuambia kwamba imekosea.

Kwa sababu hiyo ukuta wa mashariki ulikuwa na namba. Iliandikwa kwa rangi nyekundu, kila tarakimu ndefu kama mkono wa mtu mzima: 738214. Lilikuwa jibu la hesabu ya gharika kuu ya zamani, lililopigwa na mashine nyingi enzi ambazo mashine zilikuwa nyingi, zote zikakubaliana. Kila kasi ilipobadilishwa, kompyuta ilipewa gharika ile iipige upya tangu mwanzo. Ikirudisha tarakimu zote sita, neno lake lilikubalika. Ikikosea hata moja, hakuna namba iliyotoka katika chumba kile.

“Napandisha.”

“Nasoma. Sitini na tano. Shemeji, feni inalia.”

“Iache ilie. Kazi yake ni hiyo.”

Mlango ulisukumwa, upepo ukaingia na maji yake. Aliyeingia alikuwa Gwakisa, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, mtu mpana wa mabega, ufunguo wa mlango wa bwawa ukining’inia kifuani mwake kwa mnyororo. Hakuvua koti. Aliweka redio ya mkononi mezani, akazungumza akiwa amesimama.

“Mama, daraja la Kibumbe limekwenda.”

Vidole vya Bi Tumwitike vilisimama juu ya kibodi. “Watu?”

“Watu wazima walikuwa wamekwisha kuvuka. Watoto wa shule walikuwa bado. Mwalimu wao amewapandisha juu ya paa.”

Hakulitaja jina la mwalimu, wala hapakuwa na haja. Shule ya Kibumbe ilikuwa na mwalimu mmoja, Subilaga, na Subilaga alikuwa mjukuu wa Bi Tumwitike, aliyelelewa katika nyumba yake tangu akiwa wa kubebwa.

“Na mjini?” aliuliza.

“Nimewaamuru wapande kilimani. Wengi wamepanda. Hospitali haina miguu.” Gwakisa alijifuta uso. “Maji ya mlimani yanafika bwawani alasiri hii. Nawe unaijua sheria, Mama. Pasipo namba, mlango hufunguliwa wote.”

Aliijua. Alikuwapo ilipopitishwa, na alinyoosha mkono kuiunga. Mlango ukifunguliwa wote, bwawa litapona, na maji yatapita juu ya paa la shule ya Kibumbe. Ukifunguliwa kidogo mno, ukuta wa bwawa utapasuka, na kila kilichobaki bondeni kitakwenda, hospitali ikiwa ya kwanza. Kati ya hayo mawili palikuwa na kipimo kimoja, idadi fulani ya meno katika gia ya mlango, ambacho kingeliachia bwawa pumzi bila kulizamisha paa. Kipimo hicho hakikujulikana na mtu yeyote. Mashine tu ndiyo ingeweza kukitafuta, na kwa kasi ya kiwandani ingekipata maji yakiwa yamekwisha kuamua yenyewe.

“Nikiipandisha kwa theluthi moja, jibu litawahi,” alisema Bi Tumwitike. “Na itabaki nafasi ya jaribio moja la ukutani. Moja tu.”

“Basi pandisha.”

“Ninapandisha, Mwenyekiti. Hukunikuta nimelala.”

*

Redio iliita wakati jaribio likiwa katikati.

“Bibi, unanisikia? Kabla hujaanza kunihutubia, nina nguo kavu na nimekula.”

“Nani anakuhutubia? Umevaa nini kichwani?”

“Sufuria.”

“Subilaga.”

“Sifanyi mzaha! Huku inanyesha mvua ya mawe. Kila mtoto nimemvika sufuria au beseni la jikoni. Ukituona utadhani vyombo vya harusi vimepanda juu kuota jua.” Nyuma ya sauti yake watoto walicheka, na juu ya kicheko hicho palisikika mawe ya mvua yakigonga bati na masufuria. Kisha sauti ya Subilaga ikashuka. “Nimesogea pembeni, hawanisikii. Mlango ukifunguliwa wote, maji yatafika wapi huku?”

Gwakisa alitikisa kichwa: usimwambie. Bi Tumwitike alimwona, akajibu kama alivyozoea kujibu maisha yake yote.

“Yatapita juu ya paa.”

Mawe yaliendelea kugonga.

“Haya,” alisema msichana. “Basi pigeni hesabu vizuri.”

“Ndiyo maana nakuomba unyamaze nifanye kazi.”

“Mkorofi wewe, Bibi.”

“Na wewe umerithi kwa nani? Waimbishe watoto. Wasikae kimya.”

Alizima redio, akageukia skrini. Tarakimu za gharika ya zamani zilikuwa zikitoka moja moja, kila moja ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia, kwa kuwa sehemu nzito ya hesabu ilikuwa mwishoni, mahali ambapo prosesa huchoka na joto hupanda.

Saba. Tatu. Nane. Mbili.

“Nne zimepita,” alisema Gwakisa. “Inatosha! Anzisha ya kweli.”

“Haijamaliza.”

“Mama, kila dakika—”

“Mtu anayeishiwa pumzi kilimani,” alisema bila kumtazama, “humpimi tambarare.”

Ezekia alisoma themanini na nane, akasoma tisini, sauti yake ikipungua mzaha kila mara. Tarakimu ya tano ilitoka. Ilikuwa sita. Ukutani palikuwa na moja.

Bi Tumwitike alisimamisha mashine.

“Ongeza volteji,” alisema Gwakisa. “Hata mimi najua hilo. Ikipata nguvu, haikosei.”

“Nimekwisha kuiongeza hadi mwisho wa kiasi chake. Nikipita hapo, itafanya kazi sawasawa kwa muda, kisha itaungua. Pengine kesho. Pengine katikati ya hesabu hii hii, tusiwe na namba leo wala mwaka ujao.”

“Punguza ngazi moja, basi.”

“Jibu litachelewa.”

Ndipo mvua ya mawe iliyokuwa Kibumbe ilipofika juu ya paa lao. Ilianza kwa mishindo michache, kisha ikamwagika yote kwa pamoja, hata wakalazimika kupaza sauti. Bi Tumwitike aliinua uso akatazama dari. Alikaa hivyo kitambo, mdomo ukiwa wazi kidogo, jambo ambalo Ezekia hakuwahi kuliona kwake.

“Inakosea kwa sababu ya joto,” alisema. “Kasi ile ile, volteji ile ile, ikiwa baridi, itaiweza. Mwenyekiti, chukua beseni lile.”

“Nifanye nini?”

“Nenda nje ukazoe barafu. Mungu ameileta mpaka mlangoni.”

Mwenyekiti wa kamati ya bwawa alitoka na beseni, akazoa mawe ya mvua kwa mikono miwili, kichwa chake kikipigwa. Ndani, Bi Tumwitike aliizima mashine na kufungua ubavu wake. Barafu ilikuwa na hatari yake. Mabomba ya maji ya kupozea yakipoa kupita hewa ya chumbani, yatatoa umande kama chupa iliyotolewa kwenye friji, na tone moja la umande juu ya bodi lingetosha kuwamaliza wote.

“Ezekia, yale mafuta yako ya midomo.”

Ezekia alitoa mfukoni kikopo cha mafuta ya mgando, asichoachana nacho msimu wa baridi. “Shemeji, unanicheka kila siku kwa kikopo hiki.”

“Nitaomba radhi kesho. Fungua.”

Ili umande usiguse umeme, walipaka mafuta kuzunguka prosesa, juu ya kila pini na kila kiungo, mpaka bodi ikang’aa. “Imependeza,” alinong’ona Ezekia. “Kama mtoto anayepelekwa kanisani.” Waliitumbukiza redieta, sanduku linalopoza maji ya mabomba, ndani ya beseni la barafu, wakawasha, wakairudisha kasi ngazi kwa ngazi, mmoja akipandisha na mwingine akisoma.

“Thelathini na tisa,” alisema Ezekia, akasoma tena kwa kutoamini. “Thelathini na tisa, na imetulia.”

Gwakisa alicheka, maji yakimtoka kwenye nyusi. Kisha alimwona Bi Tumwitike akiutazama ukuta, kicheko kikamkauka.

*

“Nafasi ya jaribio imekwisha,” alisema Bi Tumwitike. “Nikilianzisha sasa, hesabu ya kweli haitawahi. Nikianzisha hesabu ya kweli, namba itatoka bila kupita ukutani.”

Gwakisa alivuta kiti lakini hakukikalia; alikishika tu mgongo wake.

“Mwaka juzi nilisimama wapi?” aliuliza.

“Hapo ulipo.”

“Nilikuomba namba ya mteremko wa Itete. Ulikuwa nayo mkononi. Ukanionyesha ukuta.”

“Nilikuonyesha.”

“Mke wangu Tusajigwe alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Sikutaka mengine, nilitaka kujua kama barabara itashika mpaka nimfikie.” Alisema bila kupaza sauti, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. “Jaribio lilipokwisha, mteremko nao ulikuwa umekwisha kuporomoka. Ukaja msibani, ukaniambia sheria haina shemeji wala mjomba. Mbele ya watu. Nikanyamaza, kwa kuwa ulikuwa na haki.”

Bi Tumwitike hakuinamisha uso. Katika miaka yake yote alikuwa ameamini kwamba sheria ya chumba kile ilikuwa ngumu kwa sababu watu ni laini, na kwamba siku mlinzi atakapoilegeza kwa ajili ya damu yake, mashine itakuwa kibuyu cha mganga kama vibuyu vingine. Sasa siku hiyo ilikuwa imefika na kuketi mbele yake. Alijiuliza: wangekuwa watoto hao hao, juu ya paa hilo hilo, na mwalimu wao awe binti wa mtu nisiyemjua, ningefanya nini? Alilitafuta jibu kwa uaminifu, na hakulipata. Hilo ndilo lililomwogopesha.

“Nitaanzisha hesabu ya kweli,” alisema hatimaye. “Lakini namba itakayotoka sitakupa kama namba ya mashine. Nitakupa kama neno langu, neno la bibi mwenye mjukuu juu ya paa. Uamuzi wangu leo una ugonjwa ndani yake, nami nakuambia mapema ili usije ukaulaumu ukuta. Ufunguo uko shingoni mwako. Ukitaka kuufungua mlango wote, sheria iko nawe, na sitakuinulia sauti. Wala leo, wala msibani.”

Ezekia alitazama sakafu.

“Anzisha,” alisema Gwakisa.

Saa zile zilipita kwa kuzoa barafu. Wanaume wawili walipokezana mlangoni. Mawe ya nje yalipoanza kuyeyuka waliyakusanya chini ya kingo za paa na kwenye kivuli cha tangi, na kila baada ya muda mfupi Ezekia alisoma: thelathini na tisa, arobaini, thelathini na tisa. Bi Tumwitike hakuondoka kitini. Mara moja tu aliiwasha redio, akasikia watoto wakiimba kwa sauti zilizokauka, akaizima.

Jibu lilitoka mawimbi ya kwanza ya maji ya mlimani yakiwa yameonekana juu ya bwawa.

“Jino la nne,” alisema.

Gwakisa aliushika ufunguo. “La nne kati ya tisa.”

“La nne. Kwa neno langu.”

“Mama, siku ya Itete sikukuomba ukweli wa mashine,” alisema Gwakisa. “Nilikuomba uniachie nichague mwenyewe.” Akatoka mbio.

*

Kwenye redio walimsikia, kupitia ile ya bwawani, akiyahesabu meno kwa sauti, gia ikisaga: moja, mbili, tatu, nne. Kisha ukafuata mlio wa maji ambao haukuwa na neno ndani yake. Bwawa lilipanda hadi ukingoni, likakaa hapo likitetemeka, na kwa muda ambao Bi Tumwitike hakuweza kuupima, halikuamua lolote.

Kisha maji yalianza kushuka.

“Bibi!” Sauti ya Subilaga ilikuwa ya mtu anayelia na kucheka kwa pamoja. “Yamefika kwenye mabati yakasimama! Tumelowa miguu tu. Rehema amepoteza beseni la mama yake, anasema atapigwa.”

“Mwambie hatapigwa,” alisema Bi Tumwitike.

Ezekia alikuwa akicheza peke yake katikati ya chumba, mikono juu, viatu vikimwaga maji. Gwakisa aliporudi walikumbatiana kama watani. Walipogeuka kumtafuta Bi Tumwitike, walimkuta ameurudisha uso kwenye skrini, akiandika.

“Shemeji, kuna nini tena?”

“Kuna ukuta.”

“Lakini imekwisha kufanya kazi!”

“Leta barafu iliyobaki. Iweke kama ilivyokuwa.”

Walileta. Mashine ikaipiga gharika ya zamani kwa kasi ile ile iliyowaokoa watoto. Saba, tatu, nane, mbili. Moja, Ezekia alipumua. Tarakimu ya sita ilichelewa sana, halafu ikatoka.

Tano.

Ukutani palikuwa na nne.

“Barafu ilikuwa imeyeyuka,” alisema Gwakisa upesi. “Wakati ule ilikuwa na baridi, sasa imepata moto. Ni jambo la wazi.”

Bi Tumwitike alimgeukia shemeji yake. “Ezekia. Ulisoma ngapi?”

Ezekia alikishika kikopo chake cha mafuta mfukoni. Alimtazama mwenyekiti, akamtazama mwanamke huyu ambaye kaka yake alimwoa kwa sababu hakujua kudanganya.

“Thelathini na tisa,” alisema kwa taabu. “Ile ile. Mpaka mwisho.”

“Ni moja tu iliyozidi, Mama,” alisema Gwakisa. “Katika nafasi ya sita! Hata ungeipima kwa kijiko usingeiona. Jino la nne lilikuwa sahihi, watoto wako hai. Futa hiyo skrini twende nyumbani.”

“Ilikosea padogo,” alisema Bi Tumwitike, “lakini haikuchagua padogo. Ingeweza kuangukia tarakimu ya kwanza. Ungefungua jino la pili, nawe sasa ungekuwa unatafuta hospitali kwenye matope.” Alisimama. “Leo hatukujua. Tulibahatika. Nikifuta, kesho atakuja mtu mwenye machozi ya kweli, amsimamie mlinzi atakayekuja baada yangu, amwambie: mbona siku ya Kibumbe ilifaa? Naye atampa.”

“Watakuondoa kwenye chumba hiki.”

“Waniondoe. Nilivunja sheria yao.”

“Na ungejua hivi tangu mwanzo? Ungewaacha?”

Bi Tumwitike alifungua kabati, akatoa kopo la rangi nyekundu na brashi.

“Hilo sina namba yake,” alijibu.

Chini ya tarakimu za zamani, kwa ukubwa ule ule, aliandika 738215. Mkono wake ulikuwa imara kama alipokuwa msichana anayefundishwa kuandika kwenye mistari. Chini yake aliandika kwa herufi ndogo: *Namba hii ilitoka kwenye mashine iliyotuokoa. Si sahihi. Tumwitike, mlinzi.*

Gwakisa alisoma, akasoma tena. Ufunguo ulikuwa bado kifuani mwake, umelowa.

“Andika na langu,” alisema. “Mlango niliufungua mimi.”

Bi Tumwitike alimpa brashi. “Andika mwenyewe. Mimi si karani wako.”

Gwakisa aliandika, polepole, kwa mwandiko mbaya wa mtu wa kazi za mikono, jina lake. Na baada ya kusita, kando ya jina lake, aliandika la Tusajigwe.

Bi Tumwitike alirudi mezani, akaketi mbele ya kibodi, mgongo wima.

“Nashusha,” alisema.

“Nasoma,” alijibu Ezekia.

Na ngazi kwa ngazi, bila kuruka hata moja, waliirudisha mashine kwenye kasi yake ya kiwandani.